Vipele na mafua kwa pamoja: ni korona, surua, aleji au dawa uliyomeza?

Kuna swali linaulizwa kila siku, "nimetokwa na vipele alafu koo linawasha, hii ni korona?" na majibu huwa yale yale mawili, mmoja anasema hiyo aleji meza setirizini ulale, mwingine anasema jifungie ndani usitoke. Wote wawili wanaweza kuwa sawa na wote wanaweza kuwa wamekosea, maana virusi vingi tofauti vinatoa vipele vinavyofanana kabisa, na hata daktari mzoefu ukimtumia picha peke yake bila maelezo atakuuliza maswali kwanza kabla hajataja ugonjwa wowote. Kwa hiyo hapa nayaweka ubavu kwa ubavu yale magonjwa yanayochanganywa sana, ili ukishamwangalia mtoto au ukajiangalia mwenyewe ujue uchague lipi kati ya haya matatu: ukae nyumbani uangalie, ujitenge upime, au uondoke sasa hivi uende hospitali. Jina kamili la ugonjwa mwachie daktari.

Kilichotangulia ni nini?

Kwangu mimi hili ndo swali kubwa kuliko yote na watu hawaliulizi, wanakimbilia kuangalia rangi ya vipele. Homa ilianza kabla ya vipele, au vipele vilitangulia? Maana mpangilio wa matukio unatenganisha magonjwa kuliko sura ya vipele vyenyewe.

Kwenye surua homa, kikohozi, makamasi na macho mekundu vinatangulia kwa siku 2 mpaka 4 ndo vipele vinatokea, na vikitokea homa haishuki, tena inaweza kupanda zaidi. Kwenye ile homa ya watoto wadogo inayoitwa roseola ni kinyume kabisa, mtoto anaungua siku 3 mpaka 5, alafu homa inashuka na hapo hapo vipele vinatoka, mtoto mwenyewe anacheza. Yani vipele vile vile vidogo vidogo mwili mzima, ila mmoja yuko kwenye hatari na mwingine ameshapona, na kinachokuonyesha ni kipimajoto tu. Aleji ya kawaida haina homa. Vipele vya dawa vingi vinatoka kati ya siku ya 4 na ya 14 tangu uanze kumeza hiyo dawa, wakati mwingine na homa juu. Tetekuwanga kwa mtoto homa na vipele vinakuja karibu pamoja. Korona ndo haina nidhamu, vipele vyake vinaweza kutangulia, vikaja pamoja na homa, au vikaja wiki kadhaa baadae mtu ameshasahau kama aliumwa.

Baada ya hapo jiulize vinahama au vimekaa palepale, vinawasha au vinauma, na ukivibonyeza vinafifia au vinabaki. Hili la mwisho nitalirudia chini kwa kirefu maana linaokoa maisha.

Ngozi nyeusi usitafute wekundu

Maelezo mengi utakayoyasoma yanasema "vipele vyekundu" na mtu mwenye ngozi nyeusi anaangalia mkono wake haoni wekundu wowote anasema basi sio hicho. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaonekana kama rangi ya zambarau, kahawia iliyokoza au weusi zaidi ya ngozi yenyewe, na mara nyingine hauonekani kabisa mpaka upitishe mkono uhisi ngozi imekuwa na vijivimbe, imepata joto au imekauka. Hata vitabuni na kwenye makala za kitabibu tatizo hili lipo, mwaka 2020 watafiti walipitia picha 130 za ngozi zilizochapishwa kuhusu korona na kwenye zile aina mbili za ngozi nyeusi zaidi kwenye kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kwa rangi, hawakukuta hata picha moja. Hata moja! Kwa hiyo usijilinganishe na picha za intaneti ukajiridhisha kwamba huna kitu.

Cha kufanya, sogea dirishani kwenye mwanga wa jua, taa ya njano ya ndani inadanganya. Angalia viganja, nyayo, ndani ya kope ya chini na paa la mdomo, sehemu hizo rangi ya ngozi ni hafifu na mabadiliko yanaonekana mapema. Alafu tumia vidole, pitisha taratibu kifuani na mgongoni. Mama anayemwogesha mtoto kila siku atahisi tofauti kabla jicho halijaona, na mama akisema ngozi ya mtoto imebadilika mimi namwamini kuliko picha ya simu.

Vipele vya korona na aleji ya kawaida

Hawa wawili ndo wanachanganywa kuliko wote, na kuna sababu, moja ya sura za korona kwenye ngozi ni mabaka yanayovimba na kuwasha ambayo ni sawasawa na ya aleji. Nieleze kwanza korona inafanya nini.

Mapema 2020 madaktari wa ngozi kule Lombardy, Italia, waliangalia wagonjwa 88 wa korona wakakuta 18 wana vipele, karibu mmoja kati ya watano. Muda mfupi baadae wenzao wa Hispania wakakusanya wagonjwa 375 wakazigawa dalili za ngozi kwenye makundi matano. Kubwa kuliko yote, karibu nusu ya wagonjwa, ni vipele vidogo bapa vilivyochanganyika na vilivyoinuka, vinaenea kiwiliwili. Kundi la pili ni mabaka ya kuvimba na kuwasha, asilimia 19. La tatu nalo asilimia 19, vidole vya miguu na wakati mwingine vya mikono vinavimba, vinakuwa vya zambarau, vinauma au kuwasha kama mtu aliyepigwa na baridi kali. La nne asilimia 9, malengelenge madogo madogo yenye maji. La tano, asilimia 6, ni michoro ya wavu chini ya ngozi au sehemu za ngozi kufa, hii ilikutwa zaidi kwa wazee walioumwa sana.

Sasa kwa mtu anayetaka kujua kama vipele ni dalili ya mwanzo, hapa ndo pa kukaza macho. Malengelenge madogo ya maji ndo yaliyoonekana kutangulia dalili nyingine kwa baadhi ya wagonjwa. Vipele vya kawaida na mabaka ya kuvimba vilikuja zaidi sambamba na homa na kikohozi. Vidole vya zambarau vilikuja mwishoni, kwa vijana, ugonjwa ukiwa mwepesi, na wengi wao wakipima hawakutwi na kirusi, kwa hiyo ukiona vidole hivyo leo kipimo kikasema huna haimaanishi hukuwahi kuwa nayo.

Uingereza walitumia programu ya simu ambayo watu wanajaza dalili zao, zaidi ya watu 336,000, na waliopima wakakutwa na korona asilimia 8.8 walikuwa na vipele, wasiokutwa nayo asilimia 5.4. Tofauti ipo lakini sio kubwa, na hiyo 5.4 ndo inayosema ukweli wa mambo: watu wengi wana vipele kwa sababu zao nyingine kabisa. Kwenye dodoso lao lingine, wale wenye korona waliopata vipele, asilimia 17 walisema vipele ndo vilianza, na asilimia 21 walisema hawakuwa na dalili nyingine yoyote zaidi ya vipele. Kumbuka hao ni watu walioamua wenyewe kujibu dodoso la ngozi, usizichukue hizo namba kama za kila mgonjwa. Na kirusi kilipobadilika kufika Omikroni malalamiko ya ngozi yalipungua.

Aleji sasa. Mabaka ya aleji yana tabia moja nzuri ya kukusaidia, yanahama. Chukua kalamu, zungushia baka moja mstari, andika saa pembeni. Kesho saa kama hiyo rudi uangalie. Kama baka limetoka ndani ya mstari, limeisha au limehamia sehemu nyingine na ngozi imebaki safi, hayo ni mabaka ya aina ya aleji, baka moja moja halikai zaidi ya masaa 24 hata kama kwa ujumla mwili unaendelea kutoa mapya kwa siku kadhaa. Kama baka limekaa palepale siku ya pili, linauma badala ya kuwasha, au limeacha alama ya weusi, hiyo sio aleji ya kawaida, nenda ukaangaliwe.

Ila hapa kuna kona. Mabaka ya kuhama hayamaanishi lazima kuna kitu umekula au umegusa, kwa watoto hasa mafua yenyewe ndo sababu kubwa ya mabaka hayo, mwili unapigana na kirusi cha mafua na ngozi inapokea matokeo. Watu wanaanza kumnyima mtoto vyakula vitatu vinne kwa kudhani vina aleji kumbe alikuwa na mafua tu, na mafua yakiisha mabaka yanaisha. Kwa hiyo mabaka ya kuhama bila homa wala kikohozi wala kukutana na mgonjwa, kaa nyumbani, meza dawa ya aleji, angalia. Mabaka hayo hayo ukiwa na homa, koo, kikohozi au umekaa na mtu aliyekutwa na korona, jitenge upime. Kipimo cha haraka kikisema huna siku ya kwanza usitoke kwenda kusherehekea, rudia baada ya masaa 48, maana mwanzoni kirusi kinaweza kuwa kidogo kipimo kisikione.

Na mabaka yakija na midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kutapika ghafla au kizunguzungu, hapo mjadala wa korona au aleji umeisha, hiyo ni dharura, mtu anahitaji sindano ya adrenalini ndani ya dakika, vidonge vya aleji peke yake havitoshi.

Surua na "mafua tu yenye vipele"

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kwa maoni yangu ndo sehemu ambayo kukosea kunagharimu zaidi. Surua siku za mwanzo ni mafua. Kwa kuangalia tu huoni tofauti. Homa, kikohozi kikavu, makamasi, macho mekundu yanayochukia mwanga, na mtoto amekosa raha kabisa. Na kipindi hicho hicho, siku 4 kabla ya vipele kuonekana, tayari anaambukiza wengine, na ataendelea mpaka siku 4 baada ya vipele kutoka. Kirusi kinabaki hewani kwenye chumba mpaka masaa mawili baada ya mgonjwa kuondoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga watakaokaa karibu naye, 9 wataupata. Magonjwa mengi ya njia ya hewa hayafiki hapo, korona yenyewe haifiki.

Utautofautishaje na mafua ya kawaida ambayo nayo yanaweza kutoa vipele? Angalia vipele vilipoanzia. Surua inaanzia usoni, kwenye mstari wa nywele na nyuma ya masikio, alafu inashuka shingoni, kifuani, tumboni, mikononi, mwisho miguuni, kazi ya siku tatu hivi, na inapofika miguuni uso umeanza kufifia. Vipele vya mafua ya kawaida havina safari, vinatokea kiwiliwili bila mpangilio, na mtoto hana hali mbaya hivyo. Chukua tochi ya simu umulike ndani ya mashavu usawa wa magego, vidoa vidogo sana vyeupe kwenye sehemu iliyoiva ni dalili ya surua na vinaonekana siku moja au mbili kabla ya vipele, daktari wa Marekani Henry Koplik aliviandika mwaka 1896 na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Vikikosekana usijipe moyo sana, vinaondoka haraka.

Alafu uliza chanjo. Mtu aliyepata dozi mbili za chanjo ya surua kuugua ni nadra. Mtoto ambaye bado hajafikia umri wa dozi ya kwanza, au aliyerukwa, huyo mpe uzito. Watu wanasema surua ni ugonjwa wa kawaida wa utotoni, mimi siwezi kulikubali hilo, surua inaleta nimonia ambayo ndo inaua watoto wengi wa surua, inaleta maambukizi ya masikio, kuharisha, upofu kwa wenye upungufu wa vitamini A, na kwa mgonjwa mmoja kati ya elfu hivi ubongo unavimba. Tena inafuta kumbukumbu ya kinga, yani mwili unasahau magonjwa ulioshayajua na mtoto anabaki dhaifu kwa miezi au hata miaka. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe, ila hospitali wanatoa vitamini A dozi mbili, siku mbili mfululizo, na hiyo inapunguza vifo, ndo maana kumtibu nyumbani kimyakimya sio sawa. Na wengine ndani ya nyumba ambao hawajachanjwa, chanjo ikitolewa ndani ya masaa 72 tangu wakutane na mgonjwa inaweza kuzuia, kwa hiyo kila siku unayosubiri "tuone kesho" inakula hayo masaa.

Nikiwa na mtoto ana homa ya siku tatu, kikohozi, macho mekundu na vipele vimeanza nyuma ya masikio, sichagui kupima korona nyumbani kwanza. Hospitali.

Ndugu za surua

Rubela ni nyepesi, vipele vya rangi hafifu vinavyoanzia usoni na kuisha kama siku 3, tezi nyuma ya masikio na kisogoni zinavimba na kuuma, homa ndogo. Kwa mtoto mwenyewe sio shida. Shida ni mjamzito aliyeko karibu, hasa miezi mitatu ya mwanzo, mtoto tumboni anaweza kupata matatizo ya moyo, macho na masikio. Mashavu yote mawili kuiva ghafla kwa mtoto, baadae michoro ya wavu mikononi, huenda ni parvovirusi B19, na cha ajabu yenyewe vipele vikishaonekana mtoto ameshaacha kuambukiza, kwa hiyo kumzuia shule wakati huo hakumsaidii mtu, ila mwenye selimundu na mjamzito waliokaa naye siku zilizopita wamwone daktari, inaweza kushusha damu vibaya. Roseola nimeshaisema.

Ukiwa mjamzito na umekutana na mtu mwenye homa na vipele vya aina yoyote, usikae kulinganisha, piga simu kliniki siku hiyo hiyo.

Malengelenge ya maji

Tetekuwanga vinaanzia kifuani, tumboni, mgongoni na usoni, vinawasha sana, na alama yake kubwa ni kwamba ukiangalia sehemu moja ya ngozi utakuta kipele kipya, lengelenge na kigaga vyote kwa pamoja. Malengelenge ya korona yanafanana nayo, ila mara nyingi ni ya umri mmoja na yanakuwa kwa watu wazima ambao tetekuwanga walishaugua. Ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, jina linasema, vidonda mdomoni na vilengelenge viganjani na nyayoni. Mpox malengelenge yanakuwa magumu, yamezama, mengi yanauma, na tezi zimevimba. Vyote hivi vinaambukiza kwa hiyo mtu atengwe, na tetekuwanga mtu anaambukiza mpaka kipele cha mwisho kiwe kigaga.

Virusi au dawa?

Mtu ana mafua na koo, kaenda kununua amoksilini, siku ya sita katokwa na vipele mwili mzima. Sasa ni kirusi au ni dawa? Kusema kweli mara nyingine hata wataalam wanashindwa kuamua papo hapo. Ila kuna jambo moja linajulikana vizuri: kirusi cha Epstein-Barr kinachowapiga sana vijana kwa koo kali, tezi za shingo na uchovu mzito, mtu akiwa nacho akameza amoksilini anaweza kutokwa na vipele mwili mzima, na kwa wengi sio aleji ya kweli ya penisilini. Anabaki na kadi iliyoandikwa "aleji ya penisilini" maisha yake yote na kunyimwa dawa nzuri siku anayoihitaji. Acha dawa, nenda ukaangaliwe, na baadae omba upimwe aleji vizuri.

Kinachotisha kwenye upande wa dawa ni vipele vinavyouma kama umeungua, vidonda mdomoni na sehemu za siri, macho mekundu yenye uchafu, na ngozi inayovuka ukiigusa. Dawa zinazojulikana kuleta hivyo ni kama kotrimoksazole, nevirapini, karbamazepini na fenitoini. Hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, na ubebe pakiti za dawa zote ulizomeza mwezi mzima, hata za kienyeji.

Bakteria wanaojifanya mafua

Homa nyekundu ya koo, inayoletwa na bakteria wa streptokoka kundi A. Koo linauma sana, homa, alafu siku ya kwanza au ya pili ngozi inakuwa ya kukwaruza kama msasa, mikunjo ya kwapa na kinena inakoza zaidi, ngozi ya kuzunguka mdomo inabaki bila vipele, ulimi unaiva. Tofauti na virusi ni kwamba kikohozi na makamasi havipo au ni kidogo. Na huyu anatibika, antibayotiki za aina ya penisilini kwa siku 10 zinazuia asije kupata matatizo ya moyo. Kwa hiyo vipele vya kukwaruza na koo bila mafua, kapime koo, usimalizane nayo na dawa ya kikohozi.

Dengi inaletwa na kirusi, sio bakteria, ila naiweka hapa maana nayo inajifanya mafua: homa ya ghafla, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli kuuma, vipele siku chache baadae, na hamna kikohozi cha maana. Ukiishi au umetoka sehemu yenye dengi usiguse aspirini wala ibuprofeni mpaka upimwe, zinaongeza hatari ya kutoka damu, tumia parasetamol.

Vinavyofifia na visivyofifia

Chukua glasi ya kioo kisafi inayoonyesha, bonyeza ubavu wake juu ya vipele, angalia kupitia kioo. Vipele vingi vya virusi na vya aleji vinafifia ukibonyeza na kurudi ukiachia. Madoa ambayo hayafifii ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi fanya kwenye viganja, nyayo, na angalia ndani ya kope. Madoa yasiyofifia kwa mtu mwenye homa ni hospitali sasa hivi, usiku huo huo, sio asubuhi, kwa sababu bakteria wa homa ya uti wa mgongo wanaweza kumwangusha mtu ndani ya masaa machache, na mwanzo wake unaweza kuwa homa na maumivu ya mwili unayoweza kuyaita mafua. Na usisubiri madoa ndo uondoke, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, mikono na miguu baridi huku mwili una homa, mtoto mchanga asiyeamka kunyonya, hivyo peke yake vinatosha.

Kwenye kundi hilo hilo la kuondoka sasa hivi weka pumzi kubana au mbavu za mtoto kuingia ndani anapopumua, midomo au ulimi kubadilika rangi kuwa wa kijivu, degedege, na mtoto mwenye homa siku 5 au zaidi na vipele, macho mekundu na midomo iliyopasuka. Vile vile mtoto aliyepata korona wiki 2 mpaka 6 zilizopita akapona, alafu leo ana homa mpya, vipele, tumbo linauma na amelegea, mwambie daktari kuhusu hiyo korona ya nyuma, kuna hali ya mwili mzima kuvimba kwa ndani inayokuja kwa kuchelewa na wasipoambiwa hawataifikiria.

Harara, upele, choa

Hivi vitatu havina uhusiano na kifua lakini vinatokea mtu akiwa na mafua na kumtia hofu. Harara ni vidogo vidogo kwenye mikunjo na sehemu zenye jasho, mtoto aliyefunikwa mablanketi kwa sababu ana homa ataipata, mfunue. Upele wenyewe unawasha zaidi usiku, kati ya vidole, viwiko, kiunoni, na kuna mwingine ndani ya nyumba anajikuna. Choa ni duara lenye ukingo. Vyote vitatu kaa nyumbani tafuta dawa ya ngozi, na mafua yatibu kivyake.

Dawa gani wakati unasubiri

Vipele vinavyowasha, setirizini au loratadini zinasaidia kwenye mabaka ya aleji, kwenye vipele vya surua au vya kawaida vya korona zinapunguza muwasho kidogo tu. Losheni ya kalamini na maji ya uvuguvugu ni salama karibu kwa wote. Homa, parasetamol kwa uzito wa mtoto. Aspirini mtoto mwenye ugonjwa wa virusi asipewe kabisa, inaweza kuharibu ini na ubongo, na tetekuwanga epuka na ibuprofeni. Krimu za steroidi zile kali nazikataa kwa sauti kubwa, watu wanazipaka kila kipele, zinaficha sura ya ugonjwa daktari asielewe anachokiona, na kwenye choa zinakilisha. Antibayotiki haziui kirusi chochote kati ya hivi, na kama tulivyoona zinaweza kukuletea vipele vipya juu ya vya zamani ukashindwa kabisa kujua kipi ni kipi.

Kabla hujatoka nyumbani piga picha za vipele dirishani, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili, kila siku, maana vingine vinaisha njiani. Andika siku homa ilipoanza, siku na sehemu vipele vilipoanzia, dawa ulizomeza, chanjo, na kama kuna mgonjwa au mjamzito nyumbani. Ukiwa na homa na vipele piga simu kwanza, na ukifika vaa barakoa umwambie mtu wa mapokezi ukiwa bado mlangoni, akutafutie sehemu ya kusubiri mbali na watoto wachanga na wajawazito.